Alan Turing, Mfumbuaji wa Mafumbo

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii inatuhusu sana sisi wa Tunduma. Kila siku wafanyabiashara wa hapa mpakani hutuma fedha kwa simu ya mkononi, na wazazi wetu hututumia fedha za matumizi kwa njia hiyo hiyo. Habari hizo hupita hewani zikiwa zimefumbwa ili mwizi asizisome. Je, hawezi kutokea mwerevu wa kuzifumbua? Wasomaji wapenzi, ili tupate jibu, nitawasimulieni maisha ya mtu mmoja.

Alan Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali huko India, kwa hiyo Alan na kaka yake waliachwa Uingereza wakalelewa na watu wengine. Mwaka 1926 alipelekwa shule ya bweni ya Sherborne. Siku ya kufungua shule ikakutana na mgomo mkubwa wa wafanyakazi, treni zikasimama. Basi, kijana huyu wa miaka 13 akapanda baiskeli, akaenda peke yake maili 60, akalala njiani usiku mmoja, na kesho yake akafika. Sisi tunaonung'unika basi la Vwawa likichelewa tuna la kujifunza hapo. Darasani mwandiko wake ulikuwa mbaya, na baadhi ya walimu hawakupendezwa naye, kwa kuwa alizama katika hesabu kuliko masomo mengine.

Akiwa Cambridge, mwaka 1936, aliandika juu ya mashine ya kuwazia tu, iwezayo kufanya hesabu yoyote ikiwa imepewa kanuni zake. Kompyuta na simu za leo zinafuata wazo hilo.

Vita ilipoanza mwaka 1939, Turing aliitwa Bletchley Park, mahali pa siri pa kufumbulia barua za adui. Wajerumani walitumia mashine iliyofanana na taipureta, jina lake Enigma. Kila siku waliipa ufunguo mpya, na njia za kuipanga zilikuwa nyingi mno, hata wakaamini kwamba hakuna awezaye kuishinda. Wataalamu wa Poland walikuwa wamekwisha kuifumbua tangu mwaka 1932, wakawafundisha Waingereza. Turing akaendelea kutoka hapo. Aligundua faida katika udhaifu mmoja: Enigma haikuweza kamwe kuandika herufi kwa herufi ile ile. Tena makarani walizoea kurudia maneno yale yale, kama habari za hali ya hewa. Kwa kubahatisha maneno hayo, mashine yake iitwayo Bombe ilitafuta ufunguo wa siku.

Jambo moja nataka mlikumbuke. Waingereza walizihifadhi hata barua wasizoweza kuzisoma. Mwezi Machi, 1941, waliteka chombo cha Wajerumani huko Norway, wakakuta funguo za mwezi wa Februari. Wakarudi katika barua za Februari zilizokuwa zimewekwa, wakazisoma.

Kazi hii ilifika hata Afrika Mashariki. Mwaka 1942, Wajapani walipoushambulia mji wa Colombo, ofisi ya Waingereza ya kufumbua maandishi yao ilihamishiwa Mombasa, katika shule ya Allidina Visram. Turing hakufika huko, lakini mwaka ule ule wataalamu wa Mombasa waliyafumbua mafumbo ya meli za biashara za Japani, baada ya karani mmoja kutuma habari moja mara mbili kwa ufunguo ule ule.

Mwisho wa Turing ni wa kuhuzunisha. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano wake na mwanamume mwenziwe, jambo lililokuwa kosa katika sheria ya Uingereza ya siku zile. Ili asifungwe alikubali kutiwa dawa za homoni, na kazi za siri akaondolewa. Wananchi hawakujua aliyowatendea, maana kazi ya Bletchley ilifichwa mpaka miaka ya 1970. Alikufa kwa sumu tarehe 7 Juni, 1954, akiwa na miaka 41, na uchunguzi ukaamua kuwa alijiua. Serikali iliomba radhi mwaka 2009, na mwaka 2013 Malkia akatoa msamaha.

Sasa turudi kwenye simu zetu. Ndani ya laini kuna ufunguo wa siri usiobadilika. Mwizi aliyeweka akiba ya habari za zamani, akiupata ufunguo huo, aweza kuzirudia kama Waingereza walivyozirudia barua za Februari. Ndiyo sababu mafundi wanataka kila mazungumzo yawe na ufunguo wake, kisha ufutwe kabisa. Tena mwaka 1994 Peter Shor wa Marekani alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, ikikamilika, itavunja kufuli nyingi tunazozitegemea. Mwezi Agosti, 2024, Marekani ilitoa kanuni za kwanza za kufuli mpya za kuikabili.

Wajerumani walishindwa kwa kuwa waliiamini kufuli yao bila kuijaribu vya kutosha. Ndugu zangu wa vidato vya chini, msiyakimbie mahesabu. Kufuli za fedha za wazazi wetu zitahitaji watu wa kuzijaribu kabla mwizi hajazijaribu, nasi pia hapana budi tuwemo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne