Ken Uston

Ken Uston (jina la kuzaliwa: Kenneth Senzo Usui, New York, 12 Januari 1935 – Paris, 19 Septemba 1987) alikuwa mcheza kamari na mwandishi wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kuhesabu karata katika mchezo wa blackjack na kwa kesi aliyoishinda dhidi ya kasino mwaka 1982.

Maisha

Baba yake alikuwa Mjapani na mama yake alitoka Austria. Aliingia Chuo Kikuu cha Yale akiwa na umri wa miaka 16, kisha akasomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Baadaye alikuwa makamu mwandamizi wa rais wa soko la hisa la Pacific mjini San Francisco, kazi aliyoiacha kwa ajili ya karata.

Kuhesabu karata

Mwaka 1962 mwanahisabati Edward Thorp alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba blackjack inaweza kushindwa kwa hesabu. Karata ikishatoka hairudi mpaka pakiti ichanganywe upya, kwa hiyo uwezekano wa kushinda hubadilika kila mara. Karata za 10, za picha na ree zikibaki nyingi, mchezaji hunufaika: hupata blackjack mara nyingi zaidi, ambayo kwa kawaida hulipwa 3 kwa 2, na mgawaji, anayelazimika kuongeza karata akiwa na 16 au chini, hupita 21 kwa urahisi.

Katika njia ya kawaida, karata za 2 hadi 6 huhesabiwa +1, za 7 hadi 9 sifuri, na za 10, picha na ree -1. Jumla hugawanywa kwa idadi ya pakiti zilizobaki. Mchezaji makini asiyehesabu hupoteza takriban asilimia 0.5 ya dau, yaani wastani wa shilingi 500 kwa kila 100,000. Kila nukta moja humwongezea karibu asilimia 0.5, hivyo hesabu ikiwa +6 na pakiti 2 zimebaki, anapata +3, na faida ya takriban asilimia 1 ni yake. Hata hivyo anaweza kupoteza kwa siku nyingi mfululizo, kwa sababu faida hiyo ni ndogo.

Uston alijiunga na kikundi cha Al Francesco. Wenzake walikaa mezani wakihesabu na kuweka dau dogo. Hesabu ikipanda walimpa ishara, naye akaja na dau kubwa. Kasino zilipomtambua zilimfukuza, naye akawa anajibadilisha sura.

Kesi

Mwaka 1979 kasino ya Resorts International mjini Atlantic City ilimzuia kucheza. Alishtaki, na mwaka 1982 Mahakama Kuu Kabisa ya New Jersey iliamua kwamba kasino haina mamlaka ya kumzuia mtu kwa sababu ya kuhesabu karata tu. Mamlaka hayo yalikuwa ya tume ya serikali inayosimamia kasino. Kasino za huko zikajibu kwa kuongeza pakiti na kuchanganya karata mapema, hatua zinazopunguza faida ya anayehesabu. Huko Nevada kasino ziliendelea kuwafukuza wahesabuji.

Kifo

Uston aliandika pia vitabu kuhusu michezo ya video. Alifariki Paris kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 52.