Joginder Singh: Maisha Yaliyoandikwa Mlangoni mwa Gari

Mtaje Joginder mbele ya mtu mzima wa Mombasa au Voi, aliyekuwa na akili zake katika miaka ya 1960 na 1970, utaona uso wake unachangamka. Zamani zile mashindano ya magari ya Safari hayakuwa mambo ya bara peke yake. Miaka mingi magari yaliteremka hadi Pwani siku za Pasaka, masika yamekwisha kuanza, yametapakaa matope hata rangi zake hazijulikani, na watoto wakitoka chuoni walisimama kando ya njia kuyangoja. Kitu cha kwanza walichokitafuta kwa macho ni namba iliyobandikwa mlangoni. Sura ya dereva haikuonekana, kofia na vumbi vimeificha. Namba ndiyo iliyosema ni nani anayepita.

Basi msomaji asistaajabu nikimsimulia maisha ya marehemu Joginder Singh kwa kufuata vibandiko vya magari yake. Tena vibandiko vya magari madogo, yale ya kuchezea watoto na kupambia makabati, ambayo mafundi wa Kibera na Kawangware mjini Nairobi huyaunda kwa bati na waya. Huko ndiko nilikozunguka siku kadhaa nikitazama kazi hiyo, na huko ndiko nilikogundua kwamba kibandiko kimoja kikikosewa, mtu mzima hugeuzwa mwengine.

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, kwenye nchi ya mashamba ya chai. Baba yake, Battan Singh, alikuwa ametoka Punjab katika miaka ya 1920. Sisi watu wa Pwani watu wa dini yake tumezoea kuwaita Makalasinga, na mara nyingi tukawachanganya na Mabaniani, jambo ambalo wao wenyewe hawalipendi hata kidogo. Wengi wao walikuwa watu wa kazi ya mikono: maseremala, wahunzi, mafundi wa reli na wa mashine. Joginder naye alikulia kwenye harufu ya mafuta ya injini. Alisoma Nairobi, kisha akashika spana katika magereji, na hata alipokuja kuwa mashuhuri dunia nzima hakuacha kulifungua gari mwenyewe na kulitazama ndani.

Mwaka 1958 alipata kazi ambayo mimi naiona ndiyo iliyomfundisha njia za nchi hii kuliko mashindano yoyote. Chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki kilimwajiri kuwa fundi wa kwanza wa doria, yaani mtu wa kuzunguka barabarani kuwasaidia wanachama walioharibikiwa. Mwenye kazi kama hiyo huyajua mashimo yote, hujua ni kijito gani hufurika na ni kilima gani huua gia. Miaka hiyo hiyo, umri wake ukiwa 26, akaanza kushindana. Kwa dereva wa mashindano huko ni kuchelewa, lakini mwaka 1959 aliingia katika Safari kwa mara ya kwanza.

Sasa tuje kwenye kibandiko cha kwanza, nacho ni namba 1.

Mwaka 1964 timu ya kiwanda cha Volvo ilileta magari yake Kenya, aina ya PV544, yale ya mgongo wa kobe. Hayakufua dafu, na gari moja lililoharibika likabaki hapa hapa. Joginder na nduguye Jaswant walilinunua, wakalitengeneza wenyewe, wakaingia nalo mashindano ya 1965. Walikuwa wa kwanza kuondoka, na baada ya zaidi ya kilomita 5,000 za Kenya, Uganda na Tanzania walirudi wakiwa washindi, tena kwa kuwaacha wenzao mbali sana. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1953, kila mshindi alikuwa mtu wa asili ya Ulaya. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka miwili haijatimia. Alipoingia mjini mtoto wa fundi wa Kericho na kilemba chake, ndani ya gari kuukuu alilolifufua kwa mikono yake, watu wa kila kabila walimshangilia kama wa kwao. Wakampa jina la Simba wa Kenya, na wageni wakamwita Kalasinga Anayeruka.

Fundi mmoja wa Makina, Kibera, mzee wa Kinubi ambaye nyumba yake haiko mbali na msikiti, alinionyesha jinsi anavyoliunda Volvo hilo. Wanubi wa Kibera ni ndugu zetu katika dini, wajukuu wa askari wa jeshi la King's African Rifles waliokaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la mtaa wenyewe latokana na lugha yao, maana yake msitu. Mzee huyo hukata bati la makopo kwa mkasi, hukunja mgongo wa gari juu ya kipande cha mti, na magurudumu huyakata kwenye soli za kandambili. Yote hayo huyafanya upesi, huku anazungumza. Ikifika zamu ya vibandiko hunyamaza.

Na ana haki. Vibandiko vizuri ni vile vya maji: picha imechapwa juu ya utando mwembamba, utando umeshikwa na gundi juu ya karatasi. Unakata kwa ukaribu kuifuata picha, unatia katika maji ya vuguvugu kama nusu dakika, unangoja gundi ilegee, kisha unausukuma utando kwa kidole au brashi utelezee juu ya gari. Hupati nafasi nyingi za kuurekebisha, ukikauka umekauka. Rangi ya chini lazima iwe inang'aa, kwani juu ya rangi iliyoparuza hewa hujificha chini ya utando na kibandiko huonekana kama kina ukungu. Povu la hewa likibaki hutobolewa kwa ncha ya sindano, likakandamizwa kwa kitambaa chenye unyevu. Mwisho hupakwa vanishi nyembamba ili jasho la mikono lisivibandue.

Kuna na hesabu yake. Gari la kipimo cha 1 kwa 24 maana yake kila sentimita yake moja ni sentimita 24 za gari la kweli. Duara la namba lililokuwa na upana wa karibu nusu mita mlangoni linakuwa la sentimita mbili hivi. Mafundi wasiojali hubandika namba kubwa ili ionekane dukani, na gari likawa kama mtoto aliyevaa kanzu ya baba yake.

Lakini shida kubwa, kama mzee alivyonieleza, ni mtu kutaka kuongeza. Wanunuzi wengi wanapenda gari la mashindano lijae majina ya makampuni kutoka boneti hadi buti. Volvo la 1965 halikuwa hivyo. Lilikuwa gari la ndugu wawili. Ukilijaza matangazo umesema ati Joginder alikuwa mtu wa kampuni, na ule ushindi wake ukaupunguzia nusu ya thamani yake. Mzee hubandika namba 1 na vitu vichache tu, akasimama hapo, hata kama mnunuzi ananung'unika. Mimi niko upande wake. Jahazi la Lamu lina jina lake nyuma, na nahodha hakubali kila mwenye duka aandike lake ubavuni.

Baada ya 1965 Joginder alikaa muda mrefu bila ya kushinda Safari, ingawa hakuwa mbali. Mwaka 1969 alikuwa wa pili akiendesha Volvo, na 1970 wa pili tena, safari hii akiwa na Datsun. Jumla aliingia Safari mara 22 na akamaliza mara 19. Mimi hesabu hiyo yanishangaza kuliko vikombe. Iko miaka ambayo magari saba tu yalimaliza, 1963 mmojawapo. Gari la Joginder lilikuwa likifika kwa sababu dereva wake aliisikia injini ikilalamika kabla haijafa.

Kutoka Makina nilitembea kwa miguu, nikapita soko la Toi, nikatokea barabara ya Ngong, nikaifuata hadi Dagoretti Corner na kuingia barabara ya Naivasha inayokwenda Kawangware. Huko kazi ni nyengine. Mafundi ni vijana, na wanachokiunda zaidi ni matatu ndogo. Vibandiko vyao si vya maji. Hununua mabaki ya plastiki yenye gundi kutoka kwa wanaopamba matatu za kweli, wakayakata kwa wembe: majina ya wanamuziki wa Marekani, nembo za timu za mpira za Uingereza, sura za watu ambao hawajapata kuiona Kawangware hata kwa ndoto. Kijana akichagua vibandiko hutazama kinachouzwa, na simlaumu, kwani ana kodi ya nyumba.

Mmoja wao alikuwa na gari dogo la milango miwili, si matatu, lenye boneti fupi lililokatwa vizuri sana. Ubavuni amebandika 46. Nilimuuliza kwa nini. Akanieleza, kwa subira ya mtu anayemfahamisha mgeni, kwamba 46 ni namba ya matatu za Kawangware kutoka mjini, na kila mtu wa mtaa huo huijua. Nikamwambia kwamba namba hiyo hiyo, 46, ndiyo iliyokuwa mlangoni mwa Mitsubishi Colt Lancer ya Joginder Singh mwaka 1974. Akanitazama kama kwamba nimemtungia hadithi.

Ilikuwa kweli tupu. Mwaka ule Mitsubishi lilikuwa jina dogo katika mashindano makubwa. Lancer lilikuwa gari la injini ya sentimita za ujazo 1,600, na mbele yake kulikuwa na Porsche ya Björn Waldegård wa Sweden, gari lenye nguvu kupita kiasi. Joginder, na David Doig akimsomea njia, aliwashinda wote, Waldegård akawa wa pili. Huko Japani ushindi huo uliwafanya watu waanze kulijua Lancer kuwa gari la mashindano, na jina hilo likaendelea kubebwa na magari ya kampuni hiyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1976 Joginder na Doig wakarudia, na nafasi ya pili na ya tatu zikachukuliwa na Lancer nyengine, za Robin Ulyate na Andrew Cowan. Hapo Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuja kumpita kwa kushinda mara tano, ya mwisho mwaka 1982, lakini hilo halikuiondoa ile ya kwanza.

Wakati huo jina lake lilikuwa limekwisha kuwa neno la mitaani. Dereva akikimbiza basi, abiria humuuliza kama anajidhani Joginder. Wako waliolitumia neno hilo bila kujua kwamba ni jina la mtu.

Kijana wa Kawangware alitaka sasa gari lake liwe la Joginder kweli. Tukakaa juu ya kopo la rangi tukatazama nini kibaki na nini kitoke. Nembo ya timu ya mpira ilitoka. Kibandiko cha sigara maarufu, ambacho alikuwa amekiweka kwenye boneti kwa kuwa alikiona katika picha ya gari la Safari, nacho kikatoka, wala si kwa sababu ya dini yangu. Sigara hizo zilitoa jina lao kwa Safari katika miaka ya 1980, na Joginder aliacha mashindano mwaka 1980. Hata viwanda vikubwa vya magari madogo vya Japani siku hizi huziacha alama za tumbaku nje ya karatasi zao za vibandiko, na anayezitaka huzitafuta kwengine kwa bei yake.

Gari lenyewe la kweli sasa halimo tena barabarani, wala mwenyewe hayuko. Joginder alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, umri wake miaka 81. Mashindano ya Safari, yaliyokuwa yametolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, yalirejeshwa mwaka 2021 huko Naivasha, na vijana waliojazana kuyatazama wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati Joginder alipoegesha gari lake kwa mara ya mwisho.

Ile 46 iliachwa pale pale ilipo. Ikabaki kuandika majina ya madereva chini ya dirisha, kwa herufi ndogo ambazo wembe unazikata kwa shida. Kijana aliandika kwanza Joginda, kama inavyotamkwa. Nikampa herufi moja moja, akakata nyengine. Doig alikuja bila taabu, ana herufi nne. Joginder Singh alichukua mlango wote hadi ukingoni, na herufi ya mwisho ikabidi ikunjwe kidogo kuufuata ubavu wa bati.