Nanji Kalidas Mehta: pamba ya Uganda, kiwanda cha Porbandar

Nanji Kalidas Mehta alizaliwa Gujarat, Uhindi, karibu na muji wa Porbandar. Angali kijana alivuka bahari, akafanya biashara Uganda. Huko akafungua viwanda vya kuchambua pamba, na mwaka 1924 kiwanda cha sukari pale Lugazi. Lakini kiwanda cha kusokota nyuzi na kufuma nguo, Maharana Mills, alikijenga kwao Porbandar.

Pamba ya wakulima wa Uganda ilipanda meli ikiwa bado marobota, mingi ikaenda Uhindi. Nguo zilitoka ng'ambo, wakazinunua dukani. Kiwanda chao kikubwa cha nguo, Nytil ya Jinja, kilikuja miaka ya 1950 tu.

Mehta alikufa mwaka 1969. Hapa kwetu Kolwezi, malori ya shaba na kobalti yanapita kila siku yakielekea mupakani.