Mtunza Hesabu wa Aksum

Jumapili iliyopita baada ya ibada kijana mmoja alinisubiri nje, karibu na tangi la maji. Kazi yake ni kuandika daftari kwenye shimo la dhahabu: magunia mangapi ya mawe yametoka, nani alishuka, nani anadai nini. Sasa ameambiwa aanze kuandika magunia pungufu ili wale wanaoingia chini walipwe kidogo. Aliniuliza kama anaweza kubaki kwenye kazi hiyo na bado awe mtu wa Mungu, ama aache kila kitu aje tu kuhudumu kanisani. Kusema kweli sikumjibu vizuri. Nilimwambia tuombe, tukaomba, akaenda.

Nilipofika nyumbani nikamkumbuka mtu mmoja niliyempenda tangu nikiwa chuo nasomea biashara. Nataka nieleze maisha yake hapa, kijana wetu asome, na wengine pia.

Aliitwa Frumentius, mtu wa Tiro, ule mji wa pwani tunaousoma kwenye Injili. Wakati wake, mwanzoni mwa karne ya nne, Tiro ilikuwa chini ya Rumi, na Rumi ilikuwa kila mahali. Kaisari alitawala kutoka Uingereza mpaka Misri na Shamu. Wafanyabiashara kutoka Misri ya Warumi walishuka Bahari ya Shamu na hata kufika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, wakaiita Azania. Wasomi wengi wa siku hizo hawakufikiri kwamba ufalme kama huo unaweza kuisha.

Frumentius alikuwa bado mdogo aliposafiri na ndugu yake Aedesius pamoja na mwalimu wao, Meropius, aliyetaka kuona nchi za mbali. Wakati wa kurudi, meli yao ilisimama bandarini pwani ya Bahari ya Shamu ili wachukue maji na chakula. Siku hizo mapatano kati ya wenyeji na Warumi yalikuwa yamevunjika. Watu wa pale wakaingia melini wakaua kila mtu, na mwalimu pia. Wale vijana wawili walikutwa chini ya mti wanasoma masomo yao. Wakahurumiwa, wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum, kaskazini mwa Ethiopia ya leo.

Hebu tusimame hapo kidogo. Asubuhi una mwalimu, una meli, una passport ya Kaisari, tuseme. Jioni wewe ni mtumwa katika nchi ambayo hujui hata lugha yake. Mimi nimewahi kulia kwa sababu ya kukosa kazi miezi minane baada ya kuhitimu. Huyu mtoto alipoteza kila kitu kwa saa moja.

Mfalme alimfanya Aedesius kuwa mnyweshaji wake. Frumentius alionekana ana akili, akapewa hesabu na barua za mfalme. Yaani mtunza hazina! Na Aksum haikuwa kiosk, wapendwa. Ilikuwa ufalme wa biashara, pembe za ndovu na dhahabu zilitoka bandari yake ya Adulis, nayo ilikuwa na sarafu zake za dhahabu zenye maandishi ya Kigiriki ili wafanyabiashara wa Warumi wazipokee. Sisi watu wa Masara tunajua dhahabu inavyobadilisha macho ya mtu. Mtumwa yule alikaa katikati ya dhahabu hiyo, kalamu mkononi, mbali na mtu yeyote ambaye angemjua akiiba.

Mfalme akafa, akaacha mjane na mtoto mchanga, ambaye wengi wanamtambua kuwa Ezana. Kabla hajafa aliwaachia huru vijana hao. Kumbuka, wangeweza kuondoka siku hiyo hiyo. Malkia akawasihi wabaki wamsaidie kutawala mpaka mtoto akue, hasa Frumentius, kwa sababu alimwamini. Wakabaki.

Katika miaka hiyo Frumentius alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Hakupanda jukwaani. Alitafuta Wakristo kati ya wafanyabiashara wa Kirumi waliokuja Aksum, akatumia cheo chake kuwasaidia, akawahimiza wawe na mahali pa kukutania na kuomba kila walipokuwa. Kanisa la nchi ile lilianza na watu wa mizani na mizigo, likisimamiwa na mtu wa daftari. Hata yule towashi wa Matendo 8, wa Kandake malkia wa Kushi, si alikuwa juu ya hazina yote? Sijui kwa nini hatuhubiri jambo hilo.

Mtoto alipokuwa mkubwa walimkabidhi ufalme, hesabu zote zikiwa sawa, wakaomba ruhusa. Aedesius akaenda nyumbani Tiro. Frumentius alikuwa na nyumbani pia, lakini alipita njia ya Iskanderia, mji wa Apolo, akaenda kwa askofu Athanasius, aliyewekwa mwaka 328. Akamweleza kwamba Aksum kuna waumini wasio na mchungaji, atafutwe mtu anayefaa apelekwe. Hakujipendekeza mwenyewe. (Siku hizi mtu anajiita askofu kabla hajabatiza watu kumi.) Athanasius aliona kwamba anayefaa ndiye huyo anayeongea, akamwekea mikono, akamrudisha kulekule alikokuwa mtumwa.

Ezana akaamini. Hili linaonekana kwenye mawe na kwenye sarafu. Maandishi yake ya kwanza yanamtaja Mahrem, mungu wa vita, na ya baadaye yanamshukuru Bwana wa Mbinguni. Sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo, za baadaye zina msalaba. Alikuwa kati ya wafalme wa kwanza duniani kuweka msalaba kwenye pesa.

Halafu jaribu likatoka Rumi yenyewe. Kaisari Constantius alifuata mafundisho ya Ario, kwamba Mwana ameumbwa na si sawa na Baba. Alimfukuza Athanasius, na mnamo 356 hivi akawaandikia Ezana na ndugu yake, akitaka Frumentius arudishwe Iskanderia ahojiwe na askofu mpya aliyekubaliana na Kaisari. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mteja wako mkubwa, mwenye jeshi na meli, anakuagiza umtoe mchungaji wako. Kanisa la Ethiopia halikuifuata imani ya Kaisari. Mpaka leo linamkiri Mwana kuwa Mungu kamili.

Na Rumi? Mwaka 410 Wagothi waliingia katika mji wenyewe wakauteka nyara. Mwaka 476 Kaisari wa mwisho wa magharibi, kijana tu, aliondolewa kwenye kiti. Upande wa mashariki uliendelea mpaka 1453, Konstantinopoli ilipoanguka. Sababu ni nyingi: vita vya wenyewe kwa wenyewe, kodi nzito, na pesa iliyopunguzwa. Hili la mwisho lilinishtua darasani. Sarafu ya fedha ilikuwa ikichanganywa na shaba kidogo kidogo, mfalme hadi mfalme, mpaka ikabaki fedha jina tu. Kila mmoja aliandika gunia pungufu.

Lakini Rumi bado imo midomoni mwetu. Tukisema Julai na Agosti tunamtaja Julio Kaisari na yule Augusto wa Luka 2. Dinari ya Biblia ni pesa yao, na hata fulusi ni neno lililopitia Uarabuni kutoka kwa sarafu ya Warumi. Aksum nayo ilififia, bandari ikafa. Kanisa alilolianzisha mtunza hesabu limebaki. Kwa karne nyingi lilipokea maaskofu kutoka Iskanderia, kama alivyotoka yeye, hadi 1959 lilipopata patriaki wake. Waethiopia wanamwita Abba Salama, baba wa amani. Salama yao ndiyo salama yetu.

Na Aedesius aliyekwenda nyumbani asidharauliwe. Alikuwa mzee wa kanisa huko Tiro, na ndiye aliyemsimulia mwandishi Rufinus mambo haya yote.

Kijana wetu, nilipaswa kukuambia haya pale kwenye tangi. Daftari lako usiliache mikononi mwa mwizi, na magunia uyaandike yalivyo. Wakikufukuza, njoo kwangu, mimi na wazee wa kanisa tutakwenda nawe kuongea na wenye shimo. Jumatano kwenye mafunzo ya Biblia tutasoma Matendo 8 kuanzia mstari wa 26. Tunaanza saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha tutakuwa kwa Mama Mchungaji.