Padre Aliyechungulia Juu ya Ukuta



Vijana wenzangu, leo nawasimulia habari za padre mmoja ambaye hajatangazwa mtakatifu wala hana siku yake kwenye kalenda ya liturujia. Pengine jina lake hujawahi kulisikia. Lakini mnyama aliyemtambulisha kwa wanasayansi wa Ulaya unamjua, hata kama ni kwenye stika za WhatsApp tu: panda. Padre huyo ni Armand David.

Nilikutana naye kipindi kigumu. Nilikuwa mwaka wa pili wa falsafa na sala ilikuwa imenikaukia. Darasani nilieleza vizuri tu hoja za Mtakatifu Thomas wa Akwino kuhusu kuwepo kwa Mungu, ila nikifika kikanisani, kimya. Halafu kila asubuhi wakati wa tafakari alikuja chozi, kale kandege kenye mdomo mwembamba uliopinda, ananyonya maua nje ya dirisha, na macho yangu yote huko. Nikaenda kwa mlezi wangu wa kiroho nikajishtaki: natawanyika mawazo kwenye sala, na kusema kweli nafikiria kufunga sanduku nirudi nyumbani.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu ndege huyo ana rangi gani kifuani. Sikujua! Miezi miwili namwangalia, na sijui. Basi akanipa daftari dogo, akaniagiza kila siku niandike kitu kimoja nilichokiona, na tarehe, saa na mahali. Nisichokiona nisikiandike. Kisha akanituma maktaba nikasome habari za Padre David.

Armand David alizaliwa mwaka 1826 Espelette, kijiji cha Wabaski kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari aliyependa viumbe, na mtoto akakua akizurura milimani akiokota mimea na wadudu. Mwaka 1848 alijiunga na Walazaristi, shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akapewa daraja ya upadre mwaka 1851. Moyo wake ulikuwa China, kwenye misheni. Wakubwa wake wakampeleka Savona, Italia, kufundisha shule, na huko akakaa miaka kama kumi. Hebu fikiria: unawaka moto wa kwenda mbali, unaambiwa ushike chaki. Aliishika. Alifundisha sayansi, na siku za nafasi akaenda na wanafunzi wake kukusanya viumbe.

Mwaka 1862 ndipo alipofika Beijing, akiwa na umri wa miaka 35. Alianza kutuma vielelezo vya wanyama na mimea kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Paris. Wataalamu kule walishangaa ubora wa kazi yake, wakaomba shirika limruhusu kusafiri kwa ajili hiyo. Kumbe ule utoto wa milimani haukupotea bure.

Kusini mwa Beijing kulikuwa na hifadhi ya mfalme iliyozungushiwa ukuta mrefu, na watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1865 Padre David alipata mahali pa kuchungulia juu ya ukuta ule. Ndani akaona kundi la kulungu zaidi ya mia moja, wa aina ambayo hakuwahi kuiona popote. Wana mkia mrefu kama wa punda na kwato pana kama za ng'ombe. Wachina walikuwa na jina lao la utani kwa mnyama huyo, maana yake ni kwamba anafanana na wanyama wanne na hafanani na hata mmoja wao. Baada ya kuhangaika na walinzi, mwaka 1866 alipata ngozi, akazituma Paris. Wanasayansi wakampa kulungu huyo jina la padre. Baadaye wengine walio hai wakapelekwa Ulaya.

Tarehe 11 Machi 1869, katika milima ya Sichuan, alikaribishwa chai nyumbani kwa mwenye mashamba mmoja. Humo ndani akaona ngozi ya dubu mweupe na mweusi. Siku chache baadaye wawindaji walimletea mtoto wa mnyama huyo, lakini walikuwa wamemuua ili iwe rahisi kumbeba. Ndiyo, jambo hilo linauma, na sitalificha. Enzi zile mtaalamu wa viumbe alifanya kazi na bunduki na mitego, na Padre David pia. Tena tusiseme ovyo kwamba ndiye aliyegundua panda. Watu wa milima ile walimjua tangu zamani, na ndio waliomwongoza. Yeye alichofanya ni kutazama kwa makini, kuandika na kupeleka habari.

Katika safari hiyo aliona pia mti ambao maua yake yanazungukwa na majani meupe, makubwa, yanayoning'inia kama leso. Leo mti huo unaitwa Davidia. Na kwenye shajara zake hakuandika mazuri tu. Aliona misitu ikifyekwa na akahuzunika, akijua wanyama watakwisha pamoja na miti. Hiyo ni karibu miaka 150 kabla ya Papa Fransisko kutuandikia Laudato Si'.

Je, hakuwa anaiba muda wa Injili? Swali hilo lilinisumbua sana. Kwake yeye, kuchunguza kazi za Mungu ilikuwa namna ya kumtukuza aliyezifanya. Nadhani kuna jambo hapo. Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha Adamu akiletewa wanyama awape majina, na huwezi kumpa mtu jina la kumfaa kama hujamtazama. Anayeandika kwa ukweli alichokiona, bila kuongeza chumvi, anajizoeza unyenyekevu. Anakubali kwamba kiumbe kiko kama Mungu alivyokiweka, si kama yeye angependa kiwe.

Safari ya tatu ilimchosha, ugonjwa ukambana, na mwaka 1874 akarudi Ufaransa moja kwa moja. Aliishi Paris kwenye nyumba ya shirika lake, akifundisha na kupanga makusanyo yake.

Sasa sikiliza mwisho wa wale kulungu. Mwaka 1895 mafuriko yalibomoa ukuta wa hifadhi. Wengi wakatoka, wakaliwa na watu wenye njaa. Mwaka 1900, katika vita vya Mabondia, waliobaki wakauawa karibu wote, na baada ya muda China ikabaki bila hata mmoja. Mwaka huohuo, tarehe 10 Novemba, Padre David akafariki Paris. Kwa macho ya kibinadamu, kazi ile ilikuwa imekufa pamoja naye.

Lakini wachache walikuwa hai Ulaya. Mwingereza mmoja, Duke wa Bedford, aliwakusanya kulungu 18 kwenye shamba lake la Woburn, wakazaana. Na mwaka 1985 wajukuu wao wakarudishwa China, kwenye eneo lilelile la hifadhi ya mfalme. Miaka 120 tangu padre mmoja achungulie juu ya ukuta! Yeye mwenyewe hakuona hata siku moja ya matunda hayo.

Hapo ndipo aliponishika. Mimi nilitaka sala yangu izae leo, jioni nipimwe, nipewe alama kama kwenye mtihani wa mantiki. Padre David alitazama, akaandika tarehe na mahali, akamwachia Mungu yaliyobaki.

Na tusidhani haya ni ya China tu. Mwishoni mwa karne ya 19, hapa kwetu Bagamoyo na Zanzibar, Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alikusanya mimea ya pwani, na ndiye aliyekuja kuandika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Mimea na maneno, vyote alivisikiliza.

Sanduku langu bado liko chini ya kitanda. Siwezi kudai ukavu wote umeisha. Ila daftari limejaa, nimeanza la pili, na yule chozi ana ukanda mwekundu kifuani. Kwenye tafakari simfukuzi tena akilini. Namtazama, namshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha narudi kwenye sala.

Wiki hii jaribu. Chagua mti mmoja au ndege mmoja njiani unapokwenda shule, kazini au jumuiya. Mtazame dakika tano, simu ikiwa mfukoni. Andika ulichokiona, siku na mahali. Kisha sema asante.

Tuombe: Ee Mungu Muumba, utupe macho ya kuona kazi zako, mkono wa kuandika ukweli, na moyo wa kungoja matunda tusiyoyaona. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.