Tingatinga: Miaka Minne Tu

Mtu huenda, jina hubaki. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa amesomea kazi hiyo. Alitumia vipande vya mbao za dari na rangi za baiskeli, akachora wanyama na ndege, akauza Oysterbay. Jamaa zake akawafundisha.

Mwaka 1972 polisi walimdhania mwizi, wakampiga risasi akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Lakini wanafunzi hawakuweka brashi chini. Mwaka 1990 ukaundwa ushirika kwa jina lake, nao mtindo wenyewe huitwa tingatinga hadi leo.