Frederick Johnson na Kamusi za 1939

Watahiniwa wengi humtaja Johnson kwenye swali la usanifishaji, kisha hawana la kuongeza. Mwingereza huyu alifanya kazi Tanganyika, akatafsiri riwaya ya Mashimo ya Mfalme Sulemani kwa Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza tarehe 1 Januari 1930, ikihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, yeye ndiye alikuwa katibu wake wa kwanza.

Kazi yake ngumu ilikuwa kamusi. Alijenga juu ya kamusi za A. C. Madan (1894 na 1903), lakini neno la Kiingereza halina mwenzi mmoja wa Kiswahili. "Run" ni kukimbia kwa mtu, kutiririka kwa maji, kuendesha kwa mwenye duka. Hiyo ni polisemia. Huku kwetu Samuye, karibu na machimbo, "mine" ni mgodi na pia ni -angu; hiyo ni homonimia, usizichanganye. Maneno ambatani ndiyo mtego zaidi: "goldsmith" ni sonara, si mchimbaji wa dhahabu, na "blackboard" hubaki ubao hata ukipakwa rangi ya kijani.

Mwaka 1935 ilitoka kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili. Johnson alifariki 1937 kabla ya kuziona kamusi zake mbili kubwa, Kiingereza–Kiswahili na Kiswahili–Kiingereza. Kamati ilizikamilisha, zikachapishwa na Oxford mwaka 1939.